Sanduku Sabini na Mbili

Chumba namba sita, Bombo. Feni yazunguka
bila kupunguza kitu.
Eliwaza, koti jeupe limemzidi mabega, anasema:
Mzee Mwakombo, nitakutajia maneno matano.
Uyashike, nitayadai baadaye.
Tango. Kitasa. Shangazi. Mvua. Zambarau.
Baba anayarudia moja moja
kama mtu anayehesabu chenji mbele ya muuzaji.

Kisha saa. Chora saa, mzee, tia namba zote,
mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi.
"Tano ya kusema, au tano iliyoandikwa?"
Eliwaza akacheka, nami nikacheka,
nafuu ikanipanda kooni: huyu ndiye.
Akachora.
Namba zote kumi na mbili kazirundika kulia,
zimebanana kama watu waliokimbilia kibaraza kimoja.
Kushoto, karatasi tupu.
"Tayari," akasema, akalaza kalamu.

Ndipo nikaielewa sahani.
Wiki sita wali wabaki nusu, umekatwa wima,
nikadhani chumvi, nikadhani nazi,
nikadhani ananinunia.
Ndipo nikalielewa shavu moja lenye ndevu,
na salamu zangu, nikiketi upande wa moyo,
zisizoitikiwa.
Macho yake mazima. Kiharusi kimemwambia tu
kwamba upande ule haupo,
naye, mtu wa adabu, hakubisha.

Mia toa saba?
Miaka thelathini na moja nyuma ya kaunta ya posta
ikanyooka mgongoni mwake.
"Tisini na tatu. Kanji wa baiskeli."
Endelea kutoa saba, mzee.
"Themanini na sita, masista wa shule.
Sabini na tisa, yule mjane wa Pongwe,
barua zake zatoka Maskati, zanukia udi."
Kalamu ya Eliwaza imesimama hewani.
Fomu ina nafasi ya namba tu.
"Sabini na mbili." Akanyamaza.
"Sabini na mbili halina mtu. Ufunguo ulipotea."

Na yale maneno yangu matano?
Feni.
"Shangazi," akasema. "Mvua."
Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyaficha.
"Kulikuwa na... kitu cha kula."
Nilikatazwa kumsaidia.
Tango lilinijaa mdomoni.

Kumi na saba katika thelathini.
Si mtihani wa shule, akaniambia Eliwaza kwa sauti ya chini,
ni kujua pa kuanzia.
Mwite kutoka kushoto. Izungushe sahani.
Bandika utepe mwekundu ukingoni mwa meza,
autafute kwa macho mpaka aufikie.
Rudini baada ya miezi mitatu.

Getini baba akauliza, "Nimefaulu?"
"Wamesema turudi."
"Anayerudia ni aliyefeli," akasema,
akacheka, kwa upande mmoja.

Barabara ya Kumi na Nne, saa nane usiku,
paka wamekwisha gombana, bomba la jirani ladondoka.
Sauti yake ikapenya pazia:
"Kitasa."

Nikaketi kitandani.
La pili kati ya matano, limekawia kutwa nzima njiani?
Au mlango wa uani,
ulio kushoto kwake, ule asiouona?
Au lile sanduku, na barua zake ndani,
za mtu ambaye hakuna aliyemjua jina?

Nikaenda pekupeku juu ya saruji baridi.
Kilikuwa kimefungwa.
Nikakifungua, nikakifunga tena,
kwa nguvu kidogo,
asikie.